Kitenge cha Kubebea

Mwaloni, kusini ya Ilagala
14 Julai 1996

Wifi yangu Winfrida,

Kaka yako Pastory anakusalimu, nami nakusalimu. Tu wazima, ukiacha goti lake analolilaumu kila asubuhi kana kwamba ameliazima kwa mtu. Binti yetu wa Kidahwe amejifungua mtoto wa kike tena, na wote wawili wanaendelea vizuri. Mdogo wake wa Mwandiga bado anauza mihogo pale barabarani na amenenepa. Feliksi, binamu yenu anayehudumu kwenye treni, atakuletea debe la mawese na kifurushi cha dagaa. Akikwambia debe lilivuja njiani, mkague yeye kwanza.

Kazi ipo. Wanawake wa kuanika wamenichagua mimi kupokea dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Unaikumbuka desturi ya hapa: mwanamke aliye katika siku zake hakanyagi mtumbwi wenye wavu wala haruki wavu, anakaa juu kwenye vichanja vya kuanikia mpaka wenzake wamletee. Sisi tuliokwisha kumaliza mambo hayo ndio tunaoshuka. Basi kila alfajiri mimi na jirani yangu Regina tunaingia mitumbwini, tunapima kwa sinia na kugawa, na hata wavuvi wakali wanatuamkia. Sijawahi kuheshimiwa hivi tangu niolewe kwenu.

Sasa neno lenyewe, na usimsomee mtu. Tangu baada ya Pasaka siku zangu zimerudi. Miaka mitatu nilikaa bila kuona kitu, na leo zimerudi. Hazifuati utaratibu, zinakuja na kuondoka zitakavyo, lakini zimerudi. Nadhani ni ile mizizi niliyonywa mwaka jana kwa ajili ya mgongo.

Unajua nawaza nini. Tangu tumzike Deo, mwanetu wa pekee wa kiume, kaka yako hajanilaumu hata siku moja, lakini namwona anavyowatazama vijana wa wenzake wakivuta kamba pamoja na baba zao. Kwamba nyumba inataka mtoto wa kiume, mama yenu alikuwa akilisema wazi, na wewe ulikuwa ukilisema kwa mzaha. Pastory sijamwambia bado. Wa mwaloni siwezi kuwaambia, maana watanirudisha kwenye vichanja. Nimekwambia wewe peke yako ili nipate wa kufurahi naye.

Nakuachia salamu za ziwa lote,
Agnesi

&nbsp;

Vingunguti, Dar es Salaam
9 Agosti 1996

Wifi Agnesi, kizee uliyekataa kuzeeka,

Mawese yamefika na debe halikuvuja. Feliksi ndiye aliyevuja, alikula nusu ya dagaa tangu Tabora. Sisi hatujambo. Mume wangu Bonaventura yuko kiwandani mchana na anakoroma usiku, sina jipya la kukueleza juu yake. Joto la Dar unalijua kwa kusikia, usitamani kulijua kwa mwili.

Barua yako niliisoma jikoni, nikapiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia ni mtu wa umri wangu. Wewe mwanamke, umewapita mabinti zako. Mmoja ananyonyesha Kidahwe na mama yake naye yuko njiani. Kaka yangu atatembea mwaloni kifua mbele, na hilo goti litapona siku hiyohiyo.

Nakutumia kitenge, kile kizito cha ndege wa njano. Hiki si cha kushona gauni, ni cha kubebea. Ukikishona nitapanda treni nije nikifumue mwenyewe. Akiwa wa kiume mpe jina la baba. Akiwa wa kike mpe langu, na akae mnene kama mimi.

Usinyanyue masinia mazito. Mwambie huyo Regina akubebee.

Mimi wifi yako ninayecheka peke yangu,
Winfrida

&nbsp;

Vingunguti
22 Septemba 1996

Wifi Agnesi,

Sijapata jibu lako na sisubiri. Bonaventura hajambo, nami nina afya. Salamu zingine utanisamehe, leo sina moyo wa kuzipanga.

Jumamosi tulikwenda na akina mama wa parokia kuwapelekea uji wagonjwa wa hospitali ya saratani, ile iliyo karibu na bahari. Nilikuwa sijawahi kuingia. Katika wodi ya wanawake nikamkuta mama mmoja wa Kasulu, nikamwamkia kwa Kiha, “Mwakeye,” akanishika mkono hakutaka kuuachia. Nikamnywesha uji kidogo kidogo. Nikamwuliza ugonjwa ulianzaje. Akasema alikuwa amekwisha kumaliza siku zake, kisha zikarudi, na yeye na mumewe wakafurahi.

Wifi, niliweka bakuli chini.

Nikamtafuta nesi wa zamu, nikamweleza habari zako bila kukutaja. Hakucheka. Alisema mwanamke aliyemaliza, akiona damu tena, hata tone moja, asiite siku zake. Aende akapimwe, kwa sababu mara nyingi ni ugonjwa wa mlango wa kizazi. Ukiwahiwa unatibika kwa mionzi. Mashine ya mionzi huko kwetu haipo, ipo hapa, na ndiyo maana wanawake wa mikoa yote wamelala hapa. Wengi wanafika wakiwa wamechelewa. Wanakuja kwa treni, kwa lori, na wengine wanabebwa.

Yale niliyokuandikia Agosti, ya majina na kigelegele, yafute. Najuta kuyaandika. Nenda hospitali ya misheni wakupime. Usinywe tena mizizi ya mtu.

Nijibu neno moja tu: damu bado ipo au imekatika?

Winfrida

&nbsp;

Mwaloni
3 Novemba 1996

Wifi mpendwa,

Tunaendelea vizuri, tunawaombea na ninyi. Goti la Pastory ni lilelile. Mjukuu wa Kidahwe ameanza kucheka. Kitenge nimekipata, ni kizuri, nimekiweka sandukuni.

Tumepata wageni wengi. Vita vimeingia Uvira, na mitumbwi inafika hapa imejaa watu mpaka maji yanachungulia ukingoni. Wako Wakongo, na wako Warundi waliokuwa wamekimbilia kule, sasa wanakimbia mara ya pili. Wanalala shuleni kungoja malori ya kuwapeleka kambini. Tunawapikia ugali tunavyoweza. Pastory alimpa mzee mmoja koti lake, kisha akalalamika baridi wiki nzima.

Dagaa ni haba tangu Agosti. Giza la mwezi, lile la kuvua kwa taa, linaingia na kuisha bila vichanja kujaa, na watu wanasema mengi. Asubuhi kuna upepo, kwa hiyo siku hizi nashuka na kanga mbili nyeusi, moja juu ya nyingine. Regina naye ameniiga, tukisimama pamoja tunafanana kama masista wa shirika moja. Wavuvi wanatucheka.

Yale mengine uliyoandika nimeyasoma. Mgongo unauma kidogo kwa sababu ya kuinama. Usiwe na wasiwasi.

Pokea mkono wangu wenye magamba ya samaki,
Agnesi

&nbsp;

Vingunguti
1 Desemba 1996

Wifi Agnesi,

Tu wazima. Nimefurahi kusikia mjukuu anacheka.

Nilikuuliza neno moja, ukanijibu dagaa. Ukanijibu Uvira, koti la kaka yangu na mgongo. Kanga mbili nyeusi kwa upepo gani, wifi? Mimi nimezaliwa hapo. Upepo wa asubuhi wa ziwa hilo haujawahi kumfanya mtu ajifunge kanga mbili. Najua mwanamke anajifunga hivyo kwa sababu gani.

Yule mama wa Kasulu amefariki. Tulimzika sisi wa parokia, kwa sababu ndugu zake walikuwa bado wako njiani. Aliniambia alikaa mwaka mzima akificha, kwa kuona haya tu. Si kwamba hakuwa na nauli, maana mumewe ana ng'ombe. Alikuwa anaona haya.

Nakuogopea. Nimesema wazi ili usidhani nafanya ubishi wa mawifi. Ulipoolewa kwetu nilikuwa msichana, wewe ndiye uliyenifundisha kujifunga kanga na kumficha mama nilipochelewa kisimani. Sina dada mwingine.

Nauli ipo kwa Feliksi, kwa hiyo usinipe sababu hiyo. Usiponijibu safari hii nitamwandikia Pastory, na nitayaandika mambo kwa majina yake.

Winfrida

&nbsp;

Mwaloni
2 Februari 1997

Wifi Winfrida,

Salamu za mwaka mpya zimechelewa, lakini zipokee. Pastory hajambo. Usimwandikie. Nakujibu.

Damu ipo. Haijawahi kukatika. Tangu Oktoba imeanza na harufu, na hizo ndizo kanga mbili.

Nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Ya kwanza unaijua, nilimtaka mtoto. Nilikuwa nafungua sanduku, nakikunjua kile kitenge, nakitazama, nakirudisha. Barua yako ya Septemba niliichukia, na wewe pia nilikuchukia kidogo.

Ya pili huijui. Nilikuwa naingia mitumbwini na kuruka nyavu nikiwa katika hali hiyo. Dagaa walipopotea, watu wakaanza kuulizana ni mwanamke gani amevunja mwiko. Kaka yako mwenyewe alisimama mbele ya wavuvi akasema huyo mwanamke akijulikana atatoa mbuzi. Nilikuwa nyuma yake nimeshika sinia. Kila mtumbwi uliorudi mtupu niliuona ni kazi yangu. Watu walikuwa wanalala njaa, wifi, na nilijua ni mimi. Sasa ningepandaje mtumbwi kwenda hospitali, na nikiulizwa naumwa nini ningesema nini? Kwa nchi kavu ni kutembea mpaka Ilagala, kuvuka mto, kisha kungoja gari, na nguvu hizo sina tena.

Wiki moja kabla ya Noeli, mtumbwi wa Hamdani ulileta watu kutoka upande wa Kongo. Hamdani ni mtu wa Ujiji anayevua hapa, nafikiri unamkumbuka babake. Ndani alikuwamo mama wa Kirundi, Irambona, amejifungua humohumo majini, kati ya taa za karabai na makasia. Mimi na Regina tulishuka kumpokea. Damu ilikuwa imeenea mpaka kwenye mbao za kukalia. Wavuvi wakarudi nyuma. Wakamwambia Hamdani mtumbwi ule umekwisha, auchome au auuze mbali. Hamdani akausugua kwa mchanga, akaumwagia maji, akasema ana watoto wa kulisha. Jioni akatoka kuvua.

Alfajiri alirudi na dagaa wa kujaza vichanja vyote. Tulianika mpaka juu ya mawe. Pastory alitazama, akakuna kichwa, akaenda zake. Mimi nilikaa mchangani nikacheka, kisha nikalia, na Regina akanishika bega naye akalia bila kuniuliza kitu.

Aliyemzalisha Irambona ni Mrundi mwenzake, Armelle Inamahoro, nesi wa Bujumbura. Alipokuwa akinawa mikono karibu yangu aliinua uso akanitazama, nikajua ameisikia harufu. Alinipeleka nyuma ya shule, akanipima kwa mikono yake tu. Nikamwambia habari ya dagaa, kwamba ni mimi niliyewafukuza. Akanijibu taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kirundi:

“Mama, iyi damu haina ubaya na samaki. Ubaya wake uko na wewe.”

Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema wifi yangu yuko Dar, na nimekataa kumjibu. Akasema nikujibu. Kesho yake malori yakawapeleka kambini.

Mwezi uliopita nilipanda mtumbwi wa Hamdani, nikasema nakwenda kumwona mjukuu Kidahwe. Nilimwona kweli, ili nisiwe mwongo kabisa. Kisha nikaenda hospitali ya misheni. Sista daktari alikata kinyama kidogo, kimesafirishwa kupimwa. Majibu yatarudi kwa misheni. Kaka yako bado hajui.

Agnesi

&nbsp;

Vingunguti
20 Februari 1997

Wifi Agnesi,

Hatujambo. Bonaventura amesikia habari zako kutoka kwangu na hakukoroma usiku ule, jambo ambalo halijatokea tangu harusi.

Umenichukia kidogo tu? Mimi ningejichukia sana. Hata hivyo nimeibusu barua yako. Na huyo kaka yangu wa kutoza watu mbuzi, mwambie shemeji zake wa Dar wamemsikia.

Mwambie wewe mwenyewe, Agnesi. Asijue kwa watu wa mwaloni, wala asijue kwangu. Mwambie kabla majibu hayajaja, ili siku ya kusafiri usianze kueleza ukiwa na mzigo kichwani.

Nimekuandalia chumba cha nyuma. Tiba yenyewe ni ya majuma mengi, unakwenda na kurudi kila siku, na wanawake wa mbali wasio na ndugu hapa wanalala barazani kwa watu. Wewe una kitanda. Mashine haiumi. Unalala peke yako, inanguruma kidogo, wanakwambia uamke. Baadaye tumbo linachafuka na unachoka. Nitapika mtori.

Liko neno moja nataka ulisikie kwangu kabla mgeni hajakwambia. Mionzi inazima kizazi. Mtoto hatakuwapo. Nimekaa siku mbili nikitafuta namna nzuri ya kuliandika na sikuipata. Pole, dada yangu.

Kitenge kiache palepale sandukuni au kigawe. Usije nacho kwa ajili yangu.

Winfrida

&nbsp;

Mwaloni
16 Machi 1997

Wifi Winfrida,

Tunaendelea. Mvua ni nyingi na dagaa hawakauki vizuri.

Majibu yamekuja. Ni saratani ya mlango wa kizazi. Sista daktari alisema imetoka nje ya mlango kidogo lakini haijafika mbali, na kwamba nisikae hata wiki bila sababu. Ameandika barua ya kwenda nayo Dar.

Pastory nilimwambia siku nilipopata barua yako. Alikuwa anashona wavu. Nilisimama mlangoni nikayasema yote mfululizo: damu, harufu, mitumbwi, mtoto niliyemtegemea, na kwamba mbuzi wa faini anatoka nyumbani kwake. Hakuinua uso. Aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha, akatoka. Kwa siku nyingi hakusema nami isipokuwa habari za chumvi na kuni. Niliona nimempoteza. Nililala upande wangu nikawaza kwamba hata nikipona nitarudi nyumba gani.

Majibu yalipokuja nilimwambia nataka kwenda Kigoma kupanda treni, na kwamba nitamwomba Hamdani, maana Hamdani hana neno na mimi. Ilikuwa giza la kuvua, wavuvi wote wako mwaloni wanapanga karabai. Pastory alishuka mpaka kwenye mtumbwi wake. Akatoa wavu, wote, akautandaza mchangani. Akatoa kamba, akatoa taa. Watu wakamwuliza kama hatoki kuvua. Akasema, na wote wakasikia:

“Mke wangu anaumwa kizazi. Nampeleka Kigoma.”

Kisha akaniangalia, akasema nipande, kwa kuwa humo sasa hamna wavu.

Unamjua kaka yako. Mwiko hakuuacha. Aliuheshimu mpaka nukta ya mwisho, na alinibeba. Sijui nimwite mtu wa namna gani, lakini nilipanda. Tulishuka Kibirizi, kwenye mwalo wa Kigoma, na leo niko Mwandiga kwa binti. Barua hii anatangulia nayo Feliksi, na mimi nakuja kwa treni inayofuata. Mzigo wangu ni mdogo. Kazi ya kupokea dagaa nimemwachia Regina.

Nisubiri stesheni. Naogopa treni kuliko ugonjwa.

Agnesi

&nbsp;

Mwaloni, kusini ya Ilagala
21 Septemba 1997

Wifi yangu Winfrida,

Nilifika salama, na mwezi mzima umepita kabla sijakaa kuandika. Usinigombeze. Pastory anakusalimu wewe na Bonaventura, na anashukuru kwa shati. Amelivaa kanisani Jumapili zote, sasa linanuka dagaa kama mengine. Mjukuu wa Kidahwe anatembea. Armelle yuko kambini na anafanya kazi zahanati ya huko, nilimpelekea dagaa kwa lori la misheni naye akanirudishia maharage.

Mimi sioni damu tena. Harufu imekwisha. Nachoka mapema na tumbo halijatulia, kama walivyosema. Yule daktari wako mrefu aliniambia nirudi Desemba, nawe ulimsikia: nilikuja si mapema na si kuchelewa kabisa, basi tungoje. Hakuniahidi kitu, na nilimpenda kwa hilo. Usiku nikisikia maumivu kiunoni nahesabu kama ni uzee au ni lenyewe. Pastory akiamka namwambia ni uzee. Nachekesha, lakini naogopa, na wewe peke yako ndiye wa kuambiwa.

Habari ya mtoto hatujaizungumza mimi na kaka yako. Siku moja alinikuta nimekaa mbele ya sanduku, akakaa karibu yangu, tukakaa. Hatukuhitaji zaidi ya hapo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jumatatu iliyopita, mbalamwezi, hakuna kuvua, niliwaita wanawake wa kuanika kwenye vichanja. Nikawaambia kila kitu, kuanzia kanga mbili. Niliwaeleza mashine, nikawaeleza wewe na uji wako wa wodini, na mama wa Kasulu. Nikauliza nani kati yetu sisi tuliokwisha kumaliza ameona damu. Wakatazama chini, wengine wakaguna. Nikaona nimeongea bure.

Walipotawanyika Regina alibaki. Alianza kukusanya makapi ya dagaa ambayo hayakuwa na haja ya kukusanywa. Kisha akasema, “Agnesi, na mimi.” Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka jana, kabla ya Warundi.

Wifi, itafute barua yangu ya Novemba uisome. Nilikuandikia mimi mwenyewe kwamba Regina ameniiga, amejifunga kanga mbili kama mimi, na tunafanana kama masista. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye kila alfajiri, kila mmoja akificha jambo lilelile kwa mwenzake, tukichekwa pamoja. Alinishika bega nikilia pale mchangani na sikujiuliza analia nini. Nilipoondoka nilimwachia kazi yangu, na hiyo kazi ndiyo iliyomziba mdomo, kama ilivyonifanya mimi. Anasema naye alidhani ujana umerudi. Ni mjane, wala hakuwa na wa kuzaa naye. Alifurahi tu.

Nimeumia sana. Nimelia mbele yake, yeye akawa ndiye wa kunibembeleza.

Pastory ametoa wavu mtumbwini mara ya pili. Safari hii hakuna aliyemwuliza, na Hamdani alimsaidia kuukunja. Tulimpeleka Regina hospitali ya misheni pamoja. Sista daktari alimpima, akatikisa kichwa kidogo, akasema safari hii hangoji majibu ya nyama, Regina aende na majibu yatamfuata nyuma. Hali yake si kama yangu. Miguu imeanza kuvimba. Sijui kama amewahi. Naomba asikutane na mtu wa kumwambia amechelewa kabla hajapumzika japo usiku mmoja.

Anakuja na Feliksi kwa treni ya Alhamisi. Hajawahi kutoka mwambao huu, vibao hasomi, na akiogopa hunyamaza, kwa hiyo usingoje akuite. Mpe kitanda changu. Mtori apende asipende. Mweleze yale ya mashine kama ulivyonieleza mimi. Na nakuomba, wifi, ninavyokujua: siku ya kwanza usimtanie.

Utamtambua kwa urahisi. Zile kanga nyeusi nimemvua, nimezichoma mwenyewe hapa mwaloni. Nimefungua sanduku nikamfunga kitenge kipya, kizito, cha ndege wa njano. Mtafute huyo.

Agnesi